Jiwe la Mama Mkubwa

3 Februari

Mwanangu Nukta,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujamaliza kuchana bahasha. Sisi huku wazima. Mama yako Mkubwa goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi haujambo. Asubuhi hii amenigombeza mara tatu na chai sijaigusa. Paka wa karakana amezaa ndani ya droo ya tupa, watoto wanne, kwa hiyo tupa zangu zote sasa zinakaa kwenye ndoo. Baba yako alipita wiki jana, analalamika kwamba unamtumia salamu tupu, habari humpi. Mpe mdogo wangu habari, bwana.

Haya, lililonikalisha ni hili. Tarehe ishirini Agosti, mimi na Mama yako Mkubwa tunatimiza miaka arobaini ya ndoa. Miaka yote hiyo nimewavisha pete wake za watu, na wangu anaosha vyombo na kidole kitupu. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini arobaini imezidi. Nataka pete ya almasi moja ya markizi, ile ndefu yenye tumbo katikati na ncha huku na huku kama kokwa ya tende. Nataka wewe uichague, na wewe uipachike.

Jirani yetu dereva wa lori, huyo aliyekuletea barua, amekuletea pia kibonge cha dhahabu ndani ya kopo la rangi ya viatu. Usishtuke, sijaiba. Ni mavumbi yangu. Unaikumbuka ile ngozi chini ya meza ya kazi, ya kudaka vumbi la tupa? Kila mwisho wa mwaka nikiyeyusha, punje moja niliiweka pembeni bila Mama yako Mkubwa kujua. Nusu tengenezea pete, nusu badilisha na jiwe.

Kipimo cha pete cha kidole chake ni kumi na saba. Nilimwomba anijaribie pete ya mteja, akaivaa, akaigeuzageuza, akaivua. Akasema, "Huyo mteja ana bahati yake." Mimi nikajifanya napuliza moto.

Usipige simu kwa jambo hili. Simu ya nyumbani anaishika yeye, na sauti yako tangu utotoni inavuka ukuta. Andika kwa anwani ya karakana, herufi kubwa, wino mweusi. Taa yetu siku hizi imefifia. Na usichelewe, mwanangu. Nakuomba usichelewe.

Baba yako Mkubwa


20 Februari

Baba Mkubwa, shikamoo.

Mama Mkubwa namwamkia kimoyomoyo, kwa kuwa hatakiwi kujua kuna barua. Mimi ni mzima. Chumba changu bado ni kilekile juu ya duka la mshonaji. Cherehani zikianza kazi asubuhi, kikombe changu kinatembea chenyewe mezani. Baba nitamwandikia, mwambie apunguze kununa. Watoto wa paka usiwagawe wote, niwekee mmoja.

Kopo limefika. Nilipofungua nikakaa kitandani nikalia, halafu nikacheka kwa sababu dhahabu inanuka rangi ya viatu. Baba Mkubwa, mavumbi ya miaka arobaini! Ahsante kwa kuniamini nayo. Sijui kama nastahili, lakini ahsante.

Jiwe nitalitafuta. Dalali mmoja tunamwita Karatasi, kwa sababu mawe yake yote anayakunja kwenye vikaratasi kama dawa za hospitali. Nitakwenda kwake.

Ila nikuulize, na usinikasirikie. Kwa nini usilipachike mwenyewe? Mkono ulionifundisha mimi ni huo wako. Mimi nikutumie jiwe, wewe ufanye kazi, Mama Mkubwa avae kitu kilichotoka mkononi mwa mumewe. Si ndiyo ingependeza zaidi?

Kazini salama. Madam mwenye duka hajambo. Siku hizi nakaa zaidi mbele, dukani, wateja wanapenda mtu wa kuwaeleza mambo.

Umeona herufi? Kubwa kama kunguni walioshiba.

Mwanao,
Nukta


8 Machi

Nukta,

Marahaba. Kunguni wamefika, wote wazima.

Umeuliza swali, nakujibu: mzee hapachiki pete ya mkewe. Mkono unakuwa na haraka. Mkono wa mtu mwingine una adabu. Basi, tusirudie.

Unapochagua, usikubali kuonyeshwa jiwe chini ya taa ya duka. Taa ya duka ina uongo mwingi kuliko dalali mwenyewe. Lipeleke dirishani, juu ya karatasi nyeupe, mchana. Angalia ncha kabla ya kitu kingine chochote. Tumbo la jiwe hujitetea lenyewe. Ncha ni kama ncha ya sikio la mtoto, ndiko linakoumia.

Mama yako Mkubwa anashangaa kwa nini fremu ya mlango imenipiga begani mara mbili wiki hii. Nimemwambia mlango umevimba kwa mvua.

Unasema unakaa mbele dukani. Kwani meza ya kazi ina nani?

Baba yako Mkubwa


2 Aprili

Baba Mkubwa, shikamoo.

Natumaini mlango umepungua uvimbe. Goti la Mama Mkubwa je? Mwambie anayemsalimu ni baba, halafu mpe salamu zangu ndani yake. Mimi nilipata mafua, yamekwisha.

Nimepata jiwe! Ngoja nikusimulie, maana najua unataka kila kitu.

Karatasi alinipokea kwa kiburi chake, akanifungulia vikaratasi saba. Nikamwambia tusogee dirishani. Akasema hapa kuna taa nzuri ya kisasa. Nikamwambia Baba yangu Mkubwa ameikataa. Akacheka, akabeba mwenyewe kiti mpaka dirishani. La kwanza lilikuwa nene kama kiazi. Mawili yalikuwa na kile kivuli cheusi katikati, kama mtu amevaa tai shingoni. Ukiligeuza jiwe kivuli hakiondoki. Lingine zuri, jeupe, lakini ncha moja inaangalia mlangoni na nyingine inaangalia jikoni. Kuna moja lilinitesa, Baba Mkubwa. Limejaa mwanga, kubwa kuliko yote, nikaanza kulipenda. Nikaweka lenzi, nikakuta kidoa ndani ya ncha, hapohapo pembeni kabisa. Nikalirudisha huku moyo unauma. La sita kiuno chake, ule ukingo unaolizunguka, kwenye ncha ni chembamba kama wembe, ukilipumulia linakatika.

La saba ndilo. Urefu ni mara mbili ya upana, ncha zinatazamana sawasawa, kiuno kina nyama kidogo mpaka mwisho, tai haipo. Nilipolitikisa karatasini likarusha cheche hadi ukutani kwa Karatasi, kwenye kalenda. Akasema, "Aliyekufundisha alikufundisha." Nikamwambia ndiyo, na kwamba yuko hai na ana kelele. Amekubali tubadilishane na nusu ya dhahabu, na nikibadili mawazo kabla ya Septemba, atapokea jiwe lake na kurudisha dhahabu.

Sijalipachika bado. Kazi ni nyingi, na meza za kazi ziko tatu tu, zina watu. Nitatafuta nafasi.

Mwanao,
Nukta


30 Aprili

Nukta mwanangu,

Marahaba. Barua yako ya jiwe nimeisoma mara nne, na kila nikifika kwenye kalenda ya Karatasi nacheka. Kidoa cha nchani! Ningekuwa karibu ningekununulia soda. Ahsante, mwanangu. Umenichagulia kama ningechagua mimi, tena bila kiherehere changu.

Sasa lipachike. Meza zina watu, sawa, lakini watu huenda kula. Mama yako Mkubwa ameshaanza kuhesabu siku, ananiuliza tutawaalika nani. Juzi amenimiminia chai nikaweka kikombe pembeni ya meza, mahali ambapo meza ilikuwa imekwisha. Amenitazama kwa muda mrefu. Nikamwambia ni mkono wenye sabuni.

Kama herufi zangu zinapanda mlima, ni karatasi, imekunjamana. Niambie lini.

Baba yako Mkubwa


6 Juni

Nukta,

Hujajibu. Dereva anasema alikuona dukani, umevaa vizuri, umemuuliza habari zetu mpaka za paka, lakini barua hukumpa.

Sikugombezi. Ila Agosti haiko mbali, na mimi nina sababu zangu za kutaka pete hii iwe mkononi mwangu mapema, kukiwa bado kuna mwanga mzuri. Kama kuna neno, lisemwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Baba yako Mkubwa


18 Juni

Baba Mkubwa, shikamoo.

Natumaini nyote wazima. Baba nimemwandikia, amefurahi, ameniomba viatu.

Nimeanza barua hii mara sita. Wacha niseme.

Sikai mbele dukani kwa sababu wateja wananipenda. Madam alinitoa kwenye meza ya kazi mwezi wa kwanza, wiki mbili kabla hujaniandikia. Nilivunja jiwe la mteja. La markizi, Baba Mkubwa. Lilikuwa jiwe la bibi yake, alilileta limefungwa kwenye leso. Nilibana zile kucha nne za dhahabu za kushikia jiwe ubavuni, zikalala vizuri. Nikapitisha uzi wa pamba kama ulivyonifundisha, kwamba uzi ukinasa, dhahabu haijalala. Ukanasa kwenye ile kofia ya ncha, dhahabu inayoifunika. Nikabana. Ukanasa. Nikabana tena, nikijiambia Baba Mkubwa asingeiacha ikinasa. Nikasikia tik.

Sauti ndogo tu. Fundi wa meza ya pembeni hata hakugeuka. Lakini mimi nilijua, na yule dada alipoambiwa hakunitukana. Aliuliza tu kile kipande kiko wapi, akakitia kwenye leso pamoja na jiwe. Afadhali angenitukana.

Ndiyo maana jiwe la Mama Mkubwa liko kwenye soksi yangu tangu Aprili. Nikilitoa vidole vinakufa ganzi. Nimefikiria kuacha kazi hii kabisa. Kuuza nauza vizuri. Nikalitazama kopo lako la rangi ya viatu, nikaona aibu kukwambia kwamba mtu uliyemkabidhi mavumbi yako ya miaka arobaini ndiye huyu.

Tafuta fundi mwingine, Baba Mkubwa. Jiwe nitalileta mwenyewe. Nisamehe kwa kukuchelewesha, sikujua niseme nini.

Nukta


3 Julai

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma kwa siku mbili. Ngoja nikueleze kwa nini siku mbili, nawe umeshasema lako. Naisoma kwa lenzi ya kazi, herufi moja, kisha nyingine. Neno "tik" lilinichukua muda mfupi. Nililijua kabla sijalimaliza.

Macho yangu yanakwenda. Daktari anaita presha ya macho. Imekula pembeni, sasa inaingia katikati; natazama dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Dawa itashikilia kilichobaki kwa muda, kilichokwenda hakirudi. Mama yako Mkubwa sijamwambia. Nilikuwa nataka niione pete kidoleni kwake kabla bomba halijaziba. Hiyo ndiyo haraka yangu, na hiyo ndiyo taa iliyofifia.

Na hili la pili sijamwambia mtu yeyote tangu nizaliwe. Nilipotaka kuoa, fundi wangu, mzee aliyenifundisha kazi, alinipa jiwe la markizi la zawadi. Alimwonyesha Mama yako Mkubwa siku ya posa, akaliweka kwenye kiganja chake, akamwambia, "Hili litakuwa lako." Wiki moja kabla ya harusi nikalipachika. Nikapitisha uzi. Ukanasa. Nikabana.

Umeona?

Nilimwambia mchumba wangu kwamba mzee amelihitaji, amelichukua. Akasema hakuna neno, jiwe ni jiwe. Tukaoana bila pete. Kila mwaka nilisema mwaka huu, na kila mwaka mkono uliingia ubaridi. Mawe ya wateja nilipachika, lakini kwa roho juu. Ndiyo maana hukuwahi kuniona. Miaka minane umekaa kwenye meza yangu, na kila likija la markizi nilikutuma nje ukaninunulie soda. Ulidhani nina kiu! Sikutaka uone jinsi ninavyotetemeka. Nikakufundisha uzi wa pamba, nikakunyima lile nililojifunza kwa kuvunja. Kwa hiyo jiwe la yule dada tumelivunja wawili, na mkubwa wa kosa ni mimi. Nisamehe, Nukta.

Sasa shika. Kofia ya ncha haibanwi mpaka uzi uache kunasa. Unaisogeza taratibu hadi iguse tu, basi, unaacha. Kile kinachonasa unakiondoa kwa tupa laini na msasa. Na kabla ya hapo, unapochimba kikao cha jiwe, chini ya kila ncha acha nafasi ya unywele. Ncha ielee. Mzigo ubebwe na kucha za ubavuni, zenye nyama. Kofia ni mwavuli, haibebi kitu. Ukimaliza, tikisa pete sikioni. Jiwe lililolegea hulia. Lililokaa hunyamaza.

Dereva amekuletea kopo lingine. Ndani kuna lile jiwe langu. Nililificha kwenye chupa ya chumvi ya kusafishia fedha. Lifanyie mazoezi, halina cha kupoteza tena.

Sitafuti fundi mwingine. Ninaye.

Baba yako Mkubwa


5 Agosti

Baba Mkubwa, shikamoo sana.

Nianze na macho. Nililia, nikanawa, nikaenda kazini, nikalia tena stoo. Mwambie Mama Mkubwa. Tafadhali. Usimwache agundue kwa kikombe cha pili. Ahsante kwa kuniambia mimi, ahsante kwa siku mbili za lenzi. Sijawahi kusomwa hivyo na mtu. Kuhusu soda, nilidhani una ugonjwa wa kisukari. Nilimwambia hata baba.

Nilikwenda kwa Madam, nikamweleza yote, la unywele na la mwavuli. Nikamwomba meza wakati wenzangu wanakwenda kula. Akanitazama. Akasema, "Jiwe la nani?" Nikasema la kwetu, lilivunjika kabla sijazaliwa. Akanipa.

Siku ya kwanza nikatengeneza kikao cha shaba, cha mazoezi. Nikachimba, nikaacha nafasi chini ya ncha, nikalaza jiwe lako. Vidole vikafa ganzi palepale. Nikakumbuka kwamba nawe vyako vilikufa, miaka arobaini, na ukafanya kazi navyo hivyohivyo. Nikaendelea. Kofia ikagusa, nikaacha. Uzi ukanasa, nikachukua msasa. Nikatikisa sikioni. Kimya. Nikalitoa, nikarudia. Mara tano, siku tano.

Siku ya tano nililiangalia kwa lenzi vizuri, dirishani, kwenye karatasi nyeupe, jinsi ulivyoniagiza kuchagua. Baba Mkubwa, umewahi kuliangalia tangu siku ile? Nadhani hujawahi. Ni jiwe zuri sana. Ncha moja tu imepungua, kidogo kuliko punje ya sukari, na ufa hauingii ndani. Nikampelekea mkata mawe, akathibitisha, akaisugua ile sehemu ikawa laini, basi. Akasema kofia itaifunika na jiwe litakaa salama maisha yote ya mvaaji.

Uliniambia nichague. Jiwe la Karatasi nimelirudisha. Ni zuri kupita kiasi, lakini halikuwahi kuwekwa kwenye kiganja cha Mama Mkubwa na mtu akamwambia "litakuwa lako". Lililopo kwenye pete hii anayokuletea dereva, niliyoitengeneza kwa dhahabu yako, ndilo lake. Kama nimekosea, nigombeze, pete inarudi, tunaanza upya. Lakini sitaki umpe ukiwa na la kuficha. Mwambie limevunjika wapi na nani alilivunja.

Dhahabu iliyobaki imo kwenye kopo. Hiyo ni ya daktari, na namwomba dereva amkabidhi Mama Mkubwa mwenyewe mkononi, maana wewe nakujua.

Madam aliichukua pete, akaitikisa sikioni, akapitisha uzi, akanirudishia. Kesho yake nilipofika, stuli yangu ilikuwa imerudi kwenye meza ya tatu.

Ahsante, Baba Mkubwa. Kwa kila kitu, mpaka soda.

Mwanao,
Nukta


22 Agosti

Nukta mwanangu,

Usishangae mwandiko. Ni mimi Mama yako Mkubwa. Baba yako Mkubwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, yeye anasema, mimi naandika. Yasiyofaa nayaruka. Sote wazima, goti linaendelea, mtoto wa paka wako ni yule mweupe mwenye sikio jeusi. Na kabla hajaanza kusema niseme langu: dhahabu ya daktari ninayo mimi, na kesho kutwa tunakwenda sote wawili, apende asipende.

Anasema: pete imefika tarehe kumi na tisa. Anasema aliikagua karakana akiwa amefunga mlango. Alipitisha uzi, haukunasa. Akaitikisa sikioni, ikanyamaza. Akapitisha kidole gumba kwenye ncha hii, kisha ile, kisha hii tena, na hakuweza kujua ni ipi aliyoivunja. Anasema niandike hilo mara mbili. Hakuweza kujua ni ipi. Anasema sasa wewe ni fundi kumzidi yeye. Mimi nimeishi naye miaka arobaini, maneno hayo hajampa mtu, kwa hiyo yaweke kwenye soksi.

Sasa anasema habari ya tarehe ishirini, lakini anaisimulia vibaya, naisimulia mimi.

Ilikuwa asubuhi jikoni, nina mikono ya unga. Akaniambia nikae. Akaniambia macho, nikamwambia najua. Nilijua tangu mlango ulipovimba kwa mvua wakati mvua haijanyesha. Nilikuwa namsubiri aseme, nikiondoa viti njiani. Akapapasa mfukoni. Kisha akatoa pete, akaniambia jiwe ni lipi, na nini kilitokea wiki ile kabla ya harusi, na kwamba mzee hakulichukua. Machozi yanamtoka.

Nikamwambia, mume wangu, hilo nalo nalijua.

Siku ile nilikuwa nimemletea chai karakana. Nilikuwa mlangoni na kikombe mkononi, nikasikia tik, nikamwona ameweka paji la uso mezani. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na moja, lakini nilielewa. Nikarudi kinyumenyume mpaka barabarani, nikasubiri, nikaja tena nakohoa kwa nguvu kama mwenye kifua kikuu. Alipoinua uso akaniambia mzee amelichukua jiwe. Ningesema nini? Nilimpa chai. Ilikuwa imepoa, akainywa yote akasema ni nzuri. Nikajua nimepata mume.

Alipolisikia hilo alijifuta uso kwa kiganja. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka nikampiga mgongoni kwa mikono ya unga. Shati mpaka leo lina viganja vyangu, hataki lifuliwe. Miaka arobaini, Nukta, kila mtu anamwonea mwenzake huruma kwa siri chini ya paa moja.

Ahsante kwa kuchagua hili. Nilipoliona nililijua, lilikuwa limekaa kwenye kiganja changu mara moja tu na nililijua. Mungu akuzidishie mkono.

Yeye amemaliza kusema kitambo. Anasema mwambie salamu, basi. Lakini kila nikiweka kalamu chini, ananiambia niendelee. Nimemuuliza niendelee na nini, maneno yamekwisha. Anasema andika chochote. Kumbe mkono ukitembea karibu na dirisha, jiwe linarusha cheche, na cheche anaziona. Kidole haoni vizuri, karatasi haoni, cheche anaziona. Anazihesabu kwa sauti, amefika sitini.

Basi mwanangu, tuvumilie. Kikombe kiko mezani. Mtoto wa paka amelala ndani ya kiatu. Jirani ameanika mashuka mawili, moja la bluu. Baba yako amepita barabarani na viatu vipya, anatembea kama waziri. Goti langu nimeshalisema. Sabini na nne. Nyanya ziko tano kwenye bakuli, moja imeanza kulainika, nitaitumia leo. Themanini. Karatasi inakwisha, nimemwambia. Anasema nigeuze.